Sahani ya Alfajiri ya Onesmo

Mara ya kwanza kushughulika na Onesmo, alinirudishia sahani ikiwa imejaa.

Nilikuwa nalisha wachimbaji kumi na wawili kwenye duara moja nje ya Segese. Duara ndilo shimo lenyewe, na hilo lilikuwa limefika mita arobaini. Kila alfajiri, kabla hawajashuka, niliwapakulia ugali na maharage kutoka sufuria moja. Siku mawe ya dhahabu yakitoka, ningelipwa kwa mawe.

"Shikamoo, Mama Dorah. Leo sili."

"Marahaba. Chakula kina nini?"

"Hakina kitu. Ni tumbo langu."

Tumbo la Onesmo lilijulikana machimbo yote. Utumbo wake mpana ulikuwa na vidonda kwa miaka sita, na hospitalini Mwanza walimwambia hautapona, utatulizwa tu. Chini ya duara hakuna choo. Likimchafuka anatingisha kamba avutwe, na kuvuta mtu mita arobaini kwa winchi ya mkono ni kusimamisha kazi. Maduara mawili yalishamfukuza kwa hilo. Hili la tatu aliling'ang'ania, maana fungu lake la mawe ndilo lingemlipia kipimo cha kamera na dawa za mwaka mzima.

Nesi wa zahanati alimshauri ajaribu kula kwa saa maalumu: kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku, nje ya hapo maji na dawa tu, na mwili ukikataa aache. Mwili ukakubali. Wiki mbili hakutingisha kamba hata mara moja.

"Ostadhi Onesmo!" Nasibu wa winchi alimpigia kelele asubuhi moja. "Mimi Mwislamu nimeshiba, wewe mlokole unafunga. Futari lini?"

"Mikono yako imepumzika, au siyo? Basi nyamaza."

Wote walicheka. Mimi nilikuwa natazama sahani.

"Mama," akaniambia, "asubuhi unapoteza chakula bure. Niwekee, nile nikipanda."

"Sipakui mara mbili. Kuni za nani?"

"Basi usinipikie kabisa. Nitajilisha mwenyewe."

"Umesema?"

"Nimesema."

Nikamwita Mageni, msimamizi, nikamtaka Onesmo arudie. Akarudia huku anatabasamu, akidhani amenifanyia hisani.

Duara letu lilikuwa na utaratibu wake. Aliyekula sufuria ya alfajiri ni mwenye fungu. Asiyekula ni kibarua, analipwa siku yake na mawe hagusi, na fungu lake linarudi kwa anayepika. Uliwekwa kwa ajili ya wajanja wanaolala kwao, kisha wakisikia mawe yanakaribia ndipo wanatokea. Onesmo aliujua vizuri. Hakufikiria kwamba ungeweza kumnasa mtu anayegonga mwamba kila siku mbele ya macho ya watu. Mageni alinitazama. Nikamtikisia kichwa, akafunga mdomo.

Wiki ya saba mwamba ulitema mawe. Onesmo ndiye aliyeuona ulipopinda, akaufuata kwa tindo mpaka ukafunguka. Siku ya mgao viroba vilipangwa chini, vinne kwa kila mtu. Akasimama kwenye mstari kama wenzake.

"Huyu kibarua," nikasema.

Alicheka kwanza. Kisha akamgeukia Mageni. "Kaka, waambie."

"Ulisema usipikiwe," Mageni akajibu. "Mayu Dorah alikuuliza mara mbili, nikasikia."

Akamgeukia Nasibu. Nasibu alikuwa anakagua kamba ya winchi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoa kiroba kimoja katika vile vinne vya Onesmo, wagawane wote kumi na mmoja.

"Mama, ulijua siwezi kula alfajiri."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Bei uliitaja wewe. Mimi nilikubali tu."

Akaondoka na posho ya kibarua.

Akaenda duara lingine, upande wa Katoro. Huko alikula kila alfajiri, akalamba na sahani, asije mtu akasema hakula. Mwezi wa pili alianza kutoa damu. Mwezi wa nne walimpandisha ndani ya ndoo ya kifusi kwa sababu hakuweza kushika kamba. Fungu alipewa, kamili. Lote likaishia hospitalini, walikomkata utumbo mpana. Sasa haja yake inatokea ubavuni, kwenye mfuko.

Viroba vitatu vilivyobaki vilinipa bati za vyumba viwili. Baada ya hapo mwamba ukapotea, na hakuna aliyeweza kuufuata. Nimelisha watu kumi na mmoja miezi mitano bila jiwe la maana. Bati nimeshaziuza.

Ndiyo maana nilimfuata Onesmo mjini Isaka, anakouza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori.

"Shikamoo, Mama Dorah."

"Marahaba. Unakula sasa?"

"Saa yoyote ninayotaka."

Nikamwambia shida yangu: mwamba ulipinda wapi? Nikamtajia viroba sita, nikapandisha hadi nane.

Akamenya yai taratibu, akalitia chumvi, akanipa.

"Mimi nilikuwa kibarua, Mama. Mambo ya mwamba waulize wenye fungu."

Nikalipa yai, nikapanda basi.