Barua ya Bwana Masanja na Meza ya Bwana Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kilichovunjika egemeo na rundo la barua lililonifika kidevuni. Ilikuwa Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya ukarani, nikidhani kazi ya ofisi ni kupiga taipu. Mkuu wa Masjala, mtu mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, aliniangalia mikono na kusema, "Binti, hapa hatupigi taipu. Hapa tunaamua nani afungue nini."

Masjala kilikuwa chumba cha majalada. Kila barua iliyoingia ofisini ilipita kwetu kwanza. Tuliipiga mhuri wa kupokelewa, tukaiandika katika daftari la barua zinazoingia, tukaitafutia jalada lake, kisha tukaandika namba pembeni ya kila ukurasa kwa wino mwekundu ili karatasi isipotee bila kujulikana. Baada ya hapo jalada lilifungwa kwa uzi wa kijani na tarishi akalipeleka kwa mkubwa anayehusika. Nyuma ya mlango palibandikwa orodha: barua za mazao zifunguliwe na Bwana Shamba, za ng'ombe na majosho na Bwana Mifugo, za maradhi na visima na Bwana Afya, za walimu na Ofisa Elimu. Orodha ile niliikariri kwa siku mbili.

"Aina moja, meza moja," Mkuu wa Masjala alizoea kusema. "Ukianza kufikiri sana, barua zitalala hapa."

Nami sikutaka zilale. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa karani mwenye kasi kuliko wote. Nilisoma mistari mitatu ya mwanzo, mkono ukaenda wenyewe kwenye kabati. Wakubwa walinisifu, na sifa zile nilizipenda kuliko ninavyopenda kukiri.

Tarishi wetu aliitwa Mzee Mgaya, Mbena wa Nyololo. Alikuwa kibarua, si mwajiriwa wa kudumu, ingawa alikuwapo ofisini kabla yetu sote. Kila asubuhi alinisalimu, "Kamwene, mwanangu," nami nikamjibu kwa Kibena changu kibovu, akacheka. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, yeye ndiye aliyeniletea viazi vya kwao, gunia zima, akalibeba mwenyewe begani kutoka stendi hadi nyumbani kwangu.

Siku moja wakati wa masika ilifika barua kutoka Ubaruku. Iliandikwa kwenye karatasi mbili za daftari la shule, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mwandishi alikuwa Bwana Masanja, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na familia yake kutoka kaskazini. Mistari ya mwanzo ilisema josho lao limepasuka na ng'ombe sita wamekufa kwa kunywa dawa ya kuogeshea. Josho, ng'ombe, dawa. Sikuhitaji zaidi. Niliandika namba nyekundu kwenye karatasi zote mbili, nikafunga uzi, nikampa Mzee Mgaya.

Alirudi na jalada mkononi.

"Mwanangu, Bwana Mifugo amesafiri Chunya. Wanasema atakaa huko wiki mbili. Nilirudishe hili?"

"Liache mezani kwake, Mzee."

"Karatasi zinachungulia ukingoni. Naona hii barua imeandikwa huku na huku. Labda ina haraka."

Mzee Mgaya alijua kusoma kidogo, lakini barua zilizofungwa uzi hakuruhusiwa kuzifungua, na kanuni hiyo aliiheshimu. Nilikuwa na rundo jingine mbele yangu. Nilimjibu bila kuinua kichwa, "Ng'ombe ni wa Bwana Mifugo. Liache hapohapo."

Akaliacha.

Siku ya kumi na moja Bwana Masanja alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa koti zito la mtumba lenye vumbi la safari, kofia ameishika mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye kaunta yetu akauliza, "Naomba kujua, barua yangu ilifunguliwa na nani?"

Nilitazama daftari nikamwambia imepelekwa kwa Bwana Mifugo.

"Mimi sikuwaandikia ng'ombe," akasema. "Ng'ombe nimewataja tu. Niliandika maji ya josho yanashuka kwenye mfereji tunaochota. Niliomba Bwana Afya aje aone watu wanavyotapika. Niliandika nyuma na karatasi ya pili yote. Binti yangu Kabula tumemzika Jumapili."

Nilikwenda mezani kwa Bwana Mifugo. Jalada lilikuwa palepale, uzi haujaguswa. Nikalifungua nikiwa nimesimama. Karatasi ya pili ilianza hivi: "Bwana Afya, tunakuomba." Pembeni yake ilikuwapo namba yangu nyekundu.

Bwana Afya aliondoka na Landrova saa ileile. Mfereji ulizibwa, wagonjwa wakapelekwa hospitali, na wote waliopelekwa walipona. Nimejaribu miaka mingi kujifariji kwa hilo. Sijaweza, kwa sababu gari lile lingeweza kuondoka siku kumi kabla.

Wiki iliyofuata tuliitwa chumbani kwa Mkuu wa Masjala, mimi na Mzee Mgaya. Jalada lilikuwa mbele yake. Aliitazama ile karatasi ya pili, akaitazama namba nyekundu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nina hakika alielewa. Akafunga jalada.

"Barua ilipelekwa kwenye meza yake kwa mujibu wa orodha," alisema. "Masjala haina kosa. Kosa ni kwamba masjala haikuambiwa kuwa Bwana Mifugo hayupo. Mzee Mgaya, kwa nini hukurudi kutoa taarifa?"

Mzee Mgaya alinigeukia. Hakunikazia macho, alingoja tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Nilikuwa nimeahidiwa cheo. Nilitazama sakafu.

Mzee Mgaya akamgeukia tena Mkuu. "Basi, Bwana Mkubwa," akasema. "Huenda nilisahau."

Kibarua chake kilisimamishwa mwisho wa mwezi. Siku ya kuondoka alipita masjala akaniambia nimsalimie mtoto.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Iringa, nikiwa karani mwandamizi. Huko nilifanya kazi tofauti kabisa. Kila barua niliisoma hadi sahihi, mbele na nyuma. Barua yenye mambo mawili niliitolea nakala kwa mkono, nikafungua jalada la muda, yaani jalada dogo la kutembea wakati lile kubwa liko kwa mtu mwingine, ili wakubwa wawili waione siku moja. Kama mkubwa amesafiri, jalada lilirudi kwangu kabla ya saa nane. Bosi wangu wa Iringa, Ofisa Utumishi, mama mmoja mkali wa Kihehe, alinilalamikia: "Wewe unasoma barua kama unasoma Biblia. Kwa nini unachelewa hivi?" Nikamwambia nimezoea. Sikumwambia nimezoeshwa na nini.

Kati ya Iringa na Mbeya basi lilisimama Nyololo. Safari ya kwanza nilimwona Mzee Mgaya kando ya barabara, amepanga viazi kwenye debe. Nilijisogeza mbali na dirisha. Safari ya pili nikajifunika kitenge kana kwamba nimelala. Safari ya tatu yeye ndiye aliyeniona.

"Karani wangu!" aliita, akaja hadi dirishani huku anacheka. "Kamwene, mwanangu! Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mzee. Sasa anatembea."

Akanipitishia viazi dirishani, kwenye kofia yake, nikavimimina mapajani. Nilifungua kinywa. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga tangu Mafinga. Kondakta akapiga bati, gari likaondoka, na nikajiambia nitamweleza safari ijayo. Safari zilizofuata sikumkuta, nami sikushuka kuuliza.

Nilistaafu nikiwa nimeongoza masjala mbili na kufundisha mabinti wengi. Juzijuzi nilikwenda ofisi ya parokia kuchapishiwa cheti, nikamwona katibu, binti mdogo, akibonyeza faili kwenye kompyuta. Kioo kikamwuliza alifungue kwa programu gani, na kama iwe hiyo siku zote. Akabonyeza siku zote bila kusoma, akaniambia, "Mama, inaokoa muda." Nilimwelewa kabisa. Mashine ile ilikuwa na adabu kuliko mimi, kwa sababu angalau iliuliza. Kwa vijana wa kazi hii nina neno moja tu: orodha iheshimuni, lakini barua isomeni hadi mwisho, na anayewaambia kwamba meza haina mtu, msikilizeni.

Mwaka huu nilishuka Nyololo hatimaye. Nilielekezwa nyumba ya bati nyuma ya kanisa la Walutheri. Mke wa Mzee Mgaya alikuwa uani akichambua maharage. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, aliniambia, na nilipotaja jina langu akaacha kuchambua.

"Tusekile wa masjala? Alikuwa akikutaja. Alisema ulikuwa hodari."

Nilimweleza yote, tangu barua ilipoingia hadi kile kimya changu. Nilimwambia mumewe alirudi kutoa taarifa, hakusahau, na mimi ndiye niliyejua. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauvuta ungo tena magotini.

"Mimi nimekusikia, dada yangu," alisema. "Lakini ungemwambia yeye."