Siku Tano Mama Alizonisikiliza Mimi

Sikusema kufunga kunaponya kansa. Nilimjibu dada hivyo palepale jikoni kwetu Lyamkena, aliposema nimemdanganya mama. Nilisema seli ikikosa chakula inakula sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Hilo nililisoma kidato cha nne, na sikuliota.

"Nani amekataa?" dada akasema. "Nauliza kwa nini mama ana siku tano anakunywa maji ya moto tu."

Kwa sababu alinisikiliza. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi, na tangu auone wimbo ulikuwa mmoja: tumsubiri mwanangu wa Njombe. Dada alikuwa anasomea uuguzi huko, na siku hiyo ndiyo alikuwa amefika nyumbani. Mimi niliyemchotea maji kila siku nilikuwa wa nani, wa jirani?

Tangu mitumba ianze kujaa Makambako, mama alikuwa ananunua sweta zilizotoboka. Tunazifumua, tunafua nyuzi, tunazining'iniza na jiwe zinyooke, kisha tunafuma sweta za shule. Siku moja tukiwa tunafumua nikamwambia, "Hata mwili unafanya hivi, mama. Ukiwa na njaa unafumua makuukuu yake."

Akaweka kazi chini, akanitazama vile anavyomtazama dada.

"Kwa hiyo nikifunga, mwili utaufumua na uvimbe huu?"

Nilitakiwa kusema sijui. Nikasema, "Labda."

Kesho yake hakugusa uji. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza mimi kama aendelee, na mimi nilikuwa naona raha kuulizwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Dada akachukua sweta ya kijani iliyofumuliwa nusu. "Uvimbe nao ni seli, mdogo wangu. Nao unajua kufumua. Ukiunyima chakula, unaweza kula makuukuu yake ukaendelea kuishi. Anayekonda ni mama."

"Kitabuni hawakuandika hivyo."

"Mwalimu wetu anasema hata wataalamu bado wanabishana. Mwanzoni kujila huko huenda kunasaidia seli isiharibike. Kansa ikishashika, huenda inatumia kujila huko kujiokoa. Na hapa hatujui hata kama ni kansa. Madaktari wakate kipande cha uvimbe, wapime."

Ni hivyo tu, alijua zaidi yangu, na aliyasema taratibu bila hata kunicheka. Afadhali angenicheka.

Mama akasema kutoka mkekani, "Mnanigombania kama kitenge cha mnadani. Nipeni kiazi basi."

Dada akainuka. Nikamtangulia kwenye sufuria. Nilimmenyea mama kiazi, akala nusu, mkono umekonda. Sikuwa nimeuona ule mkono siku zote tano.

Alipomaliza, akamgeukia dada. "Tupande gari la saa ngapi?"

Wivu ukanipanda tena, hapohapo, hata kwa swali la gari.

Usiku huo niliamua. Asubuhi nitaamka kabla ya dada, nipike uji wa ulezi, nihakikishe mama amemaliza kikombe. Kwenye gari la Njombe nitakaa mimi pembeni yake, dada atafute siti nyingine. Na daktari akiuliza nani alimwambia mama asile, nitajibu mwenyewe, kabla dada hajafungua mdomo.