Wifi na Sambusa za Oveni

Katika nyumba ya mama mkwe wangu, siku ya kwanza ya Ramadhani, watu wakishakula tende na kunywa maji hakuna anayegusa kitu kingine mpaka yeye ale sambusa moja. Akiimaliza anainua mikono na kuuombea dua mkono ulioipika, kwa sauti, mbele ya wote. Kwa miaka kumi na mmoja mkono huo ulikuwa wangu.

Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile anaweza kuiona dua hiyo jambo dogo. Mimi sikuzaliwa humo. Wazazi wangu ni wakulima wa Nyamyumba, watu wa kanisa, na nilipoolewa mjini na kusilimu nilijua kupika isombe ya majani ya muhogo na maharage, basi. Sambusa nilifundishwa na mama mkwe mwenyewe, naye alifundishwa na baba yake, Mhindi aliyekuja Gisenyi kuuza vitambaa akaoa hapahapa. "Sambusa ya hapa inavunjika na sauti," aliniambia. "Jirani asikie." Nikakaanga, nikaungua vidole, nikalia jikoni peke yangu. Mwaka wa pili jirani akasikia. Tangu hapo kila nilipotajwa katika dua ile nilijua kwamba mimi ni wa nyumba ile, na hakuna wa kunitoa.

Kisha wifi yangu akarudi.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, na ameishi Ufini miaka mingi akifanya kazi ya kuoka mikate. Alikuja kufunga mwezi nasi. Alishuka na masanduku mawili, moja likiwa na zawadi, la pili likiwa na unga. Unga! Kana kwamba hapa Rubavu hatuna. Ulikuwa mweusi-mweusi, wa nafaka ya kwao kwenye baridi, unanuka uchachu kidogo. Siku ya pili akanunua oveni ya umeme, akaiweka jikoni kwa mama yake, mahali ambapo mimi huweka karai langu la kukaangia.

"Wifi," akaniambia, "mwaka huu we pumzika. Futari ya kwanza nitapika mi."

"Hapana, wifi, we ni mugeni."

"Mugeni kwa mama yangu? Yewe!" Akacheka. Nami nikacheka, na ndani nilikuwa nachemka.

Nilimpelekea malalamiko mume wangu. Akasema, "Si upumzike kweli? Kila mwaka unalia moshi." Wanaume bwana.

Siku yenyewe ilipofika nilijipeleka jikoni mapema, nikisema nimekuja kusaidia. Nilikuja kuchunguza. Nilifunga kula na kunywa, ila roho yangu siku ile haikufunga hata dakika moja.

Mambo ya ndani aliyapika vizuri, na hilo liliniuma. Alichemsha viazi vya Busasamana, vile vikavu vinavyopasuka ngozi, akaviponda na karoti na njegere. Akatia mafuta kwenye sufuria, akarusha haradali nyeusi mpaka ikaanza kurukaruka, kisha jira, tangawizi na bizari. Ile harufu ilikuwa ya nyumba ile kabisa. Nilitamani ingekosea mahali.

Basi akaukanda ule unga mweusi. Haukutosha, akauongezea unga wa ulezi wa sokoni, nami nikafurahi kwamba umepungua. Akatandaza viduara vyembamba, akaweka viazi katikati, akaanza kubana kingo kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo, na tumbo akaliacha wazi.

"Haufungi?" nikauliza.

"Hapana, ya kule iko hivi. Inaangalia juu."

Sambusa inayoangalia juu! Nilizitazama zilivyopangwa kwenye sinia, zikafanana na viatu vya watoto mlangoni kwa mwalimu wa madrasa. Nikajisemea, mama hataigusa hii. Zilipoingia kwenye oveni nikaomba umeme ukatike. Nasema kweli, mwezi mtukufu, na mimi naomba umeme ukatike. Siku nyingine hukatika ovyo, siku ile uliwaka vizuri tu.

Zikatoka kavu, ngumu pembeni, zimeiva rangi ya udongo. Nikigonga moja kwa ukucha inalia. Hapo nikaingiwa na hofu, maana kulia huko ndiko nilikofundishwa.

Ndipo wifi akafanya kosa. Alikuwa ameyeyusha siagi ndani ya maziwa ya moto. Akaichovya kila moja humo, mbele na nyuma, akazipanga juu kwa juu kwenye bakuli, kisha akatandaza kitambaa kizito, akakandamiza pembeni ili mvuke usitoke.

Hata mtoto wa Gisenyi anajua kwamba sambusa ya moto haifunikwi. Ukiifunika inatoa jasho, inalegea, inakuwa kama mkate uliolowa. Kwa kawaida ningepiga kelele, "Wifi, funua!" Siku ile niliufunga mdomo wangu. Niliona kitambaa kile kinapanda na kushuka kwa mvuke, nikajua kwamba zinaharibika humo ndani, na nikaona raha. Nikaenda zangu kukatakata matunda, mwepesi kabisa.

Adhana ikasikika. Tukaketi mkekani: mama mkwe, mume wangu, watoto, wifi na mimi. Tende, maji, bismillahi. Wifi akafunua bakuli, akamwekea mama yake moja kwenye sahani. Ikainama mkononi mwake, laini kama nilivyojua. Nikajiandaa. Hata uso wa kumhurumia wifi nilikuwa nimeshautengeneza.

Mama akauma. Akatafuna polepole, macho amefumba. Akauma tena. Akaimaliza yote, kingo na tumbo, akalamba siagi kidoleni. Halafu, kabla hajainua mikono, akanyoosha mkono akachukua ya pili. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwona akichukua ya pili.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Mama, leo umezipenda kuliko zangu?"

Mume wangu akanitazama. Mama akaendelea kutafuna mpaka akameza.

"Mutoto yangu, yako ni tamu sana," akasema. "Lakini meno iliisha zamani. Ile ya kukaanga mi nakula ya ndani tu. Ya inje naficha mu kitenge, nawapa kuku asubui."

"Tangu lini?"

"Tangu we unanyonyesha mutoto wa pili."

Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu. Nilimgeukia wifi. Alikuwa anatazama mkeka, haya imemshika yeye badala yangu.

"Nilisikia mu telefone," akasema taratibu. "Namna anasema 'salama', pumzi inapita mbele, mahali pa meno. Donc nikamuuliza, mama, unatafuna nini siku hizi? Akaniambia uji. Nikasema, bon, iko sambusa ya kule inalainishwa na siagi, nitakuletea."

Kwa hiyo lile kosa la kitambaa lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Amezilainisha kwa makusudi, na unga ule amebeba kutoka kwenye theluji kwa ajili hiyo, nami nimekaa jikoni nikiuchukia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Aliniwekea mkono gotini. "Mimi ndiye nilikufundisha ivunjike na sauti. Nitakuambia aje tena usivunje? Na wewe, kila mwaka nikitia sambusa mu kinywa, we unaangalia mikono yangu kama inapanda. Kinywa haukuiangaliaka."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali, nipate pa kukasirikia.

Kisha akapangusa vidole na mikono ikapanda. Mara hii sikuiangalia. Niliangalia kinywa chake kinavyomwombea wifi: midomo imeingia ndani, mashavu yamebonyea, maneno yanatoka na pumzi pembeni. Mtoto mdogo angeona. Nimeketi naye mkeka mmoja miaka yote hiyo, na aliyeona ni mtu wa Ufini, tena kwa masikio. Wivu wangu ulikuwa palepale, haukupungua hata kidogo, ila sasa haukuwa na haja na dua tena. Nilimwonea wifi wivu kwa lile swali lake. Unatafuna nini siku hizi. Maneno manne, ambayo ningeweza kuyasema siku yoyote.

Dua ikaisha, watu wakaitikia amina. Mimi niliitikia baadaye kidogo, wenzangu walipokwisha kunyoosha mikono kwenye bakuli.