Mitungi Minne kwa Siku

Siku niliyorudi nyumbani na kifuko cha sukari kwapani siisahau, mwanangu, ingawa nimetembea sana tangu hapo na mengi yamenitoka kichwani. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli yake ndiyo kwanza inapita kwetu Ugogo, nami nilikuwa nimemaliza misimu miwili nikibeba mataruma, vile vyuma vizito vya kulazia reli. Mtu wa reli akirudi kwao alitakiwa aonekane. Wenzangu walirudi na kofia. Mimi nilirudi na sukari nyeupe, kwa sababu sijamwona mtu aliyependa kitu kitamu kama mama yangu.

Nilimkuta amekonda mpaka bangili zinamteleza mkononi. Aliitikia salamu yangu, kisha akaomba maji. Alikunywa kata, akaomba nyingine, akaomba nyingine. Kwetu, ng'ambo ya Chamwino, maji ya kiangazi hufukuliwa kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa kuchosha, na aliyeyateka ni dada yangu mkubwa, Sechelela, aliyekuja kumuuguza. Mimi nikajiambia kuwa mama ameishiwa nguvu, na dawa ninayo. Nikamtilia sukari kwenye uji wa uwele. Jioni nikamwongezea asali. Akalamba kidole, akacheka kicheko nilichokuwa nikikitamani huko kambini. Nani asingeendelea?

Siku ya nne Sechelela alitua mtungi mlangoni mwa tembe, akaniita.

"Kabla hujaja nilikuwa nateka mitungi miwili kwa siku. Sasa ni minne. Unamlisha nini?"

"Nampa nguvu, dada. Wewe unamlisha majani kama mbuzi."

Hakukasirika. Alinipeleka nyuma ya nyumba, pale mama alipokwenda haja ndogo. Sisimizi walikuwa wamejaa.

"Hawa wamefuata utamu wako," akasema. "Haukai mwilini mwake. Unapita tu, na maji unaondoka nayo."

Nikabisha. Mimi niliyeona gari la moshi, nifundishwe na mtu ambaye safari yake ndefu ni ya korongoni? Ndipo akanisukumia mtungi.

"Haya, msomi wa reli. Kesho teka wewe. Endelea kumpa, tuone."

Mwanamume kubeba mtungi kichwani, wakati ule, ilikuwa sherehe ya kijiji kizima. Wasichana waliokuwa wakifukua mchanga waliacha kazi.

"Karibu, bibi harusi!" wakapiga vigelegele. "Mume wako Mjerumani hajambo?"

Nilikwenda mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa aibu, ya tatu kimya. Niliporudi na mtungi wa nne, shingo ikiwaka moto, nilimkuta mama ameuinamisha ule wa tatu kwa mikono miwili, anatafuta tone la mwisho, midomo imempasuka kwa ukavu. Nikaelewa. Siku zote zile nilikuwa namlisha kiu.

Kumnyima, mwanangu, ndiyo ilikuwa kazi. Kubeba mataruma ni mchezo.

"Umeniletea mwenyewe," aliniambia, "leo unanificha?"

Nilikaa naye nikala alichokula: tonge dogo la ugali, mlenda, kunde, maziwa mgando yasiyo na asali. Sukari iliyobaki niliwapa wale wasichana, nao wakaacha kunicheka kwa siku nzima. Mwezi ulipoandama tena, mitungi ilikuwa imerudi kuwa miwili. Hakupona. Ukungu uliokuwa umemwingia machoni haukumtoka. Lakini alitembea tena mpaka kwa jirani, na mimi, mtu wa njia, nikaondoka na kurudi mara mbili nikimkuta hai.

Miaka mingi baadaye, hospitali ya mjini, mganga mmoja alinieleza kwamba kwa wagonjwa wa namna hii utamu wa chakula hubaki ndani ya damu badala ya kuupa mwili nguvu, nao mwili hujitahidi kuutoa kwa mkojo. Akasema hata ugali huwa sukari tumboni, tena asali haina tofauti. Nilimwambia nina dada aliyeyajua hayo kwa shingo yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtu wako anakonda huku kiu haimwishi, usikimbilie kumnenepesha kwa vitamu. Mpeleke hospitali. Usimshindishe njaa pia. Mpe tonge dogo, mboga nyingi, kwa saa zake, na umtazame miguu isije ikapata kidonda ukakidharau, maana kidonda cha ugonjwa huu hupona kwa shida. Msikilize anayemuuguza kila siku kabla ya kumfundisha. Na unapomnyima anachokililia, kaa ule naye chakula chake, asione amefungwa peke yake.

Mungu akulindie mama yako. Akupe mikono ya kuleta na moyo wa kuzuia, na kiu yako, popote utakapotembea, ikatwe na kata moja.