Kompresa ya Shemeji

Mume wangu alipofariki, kitu cha mwanzo kutoka nyumbani kwangu kilikuwa kompresa yake, ile mashine ya kupulizia upepo. Aliichukua shemeji, mdogo wa marehemu.

"Naiweka kwangu isije ikaharibika," aliniambia nyuma ya pazia, nami nimo ndani ya eda, sina nguvu ya kubishana. "Mabomba ya bustani ntayapuliza mwenyewe kabla ya joto. Usijali."

Nyumba yetu ya mtaa wa Qurum ilikuwa na majani mbele, na chini yake mabomba ya plastiki ya vinyunyizio. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yakilala bombani kiangazi kizima yanakauka na kuziba kila tundu, ndiyo maana marehemu aliyapuliza yote kwa upepo kila mwaka kabla hatujasafiri.

Shemeji hakupuliza, na maji yakalala mle bombani eda nzima. Nilipotoka eda majani yamekuwa rangi ya gunia. Akaja, akasimama juu yake na viatu, akasema mbele ya wanangu: "Nyumba hii inataka mwanamume. Niuzie mimi, wewe ukakae kwa mama yako."

Nikamtilia kahawa. Moyoni nachemka.

Wiki ile ile nikaendesha gari mpaka madukani Hamriya. Muuzaji, Mkenya, alinionesha kompresa ndogo ya kujazia matairi, nikakataa. Akanivutia nyingine, nyekundu, inang'aa.

"Mama, chukua hii. Iko na presha noma sana."

"Presha itanipasulia mabomba. Nataka inayotoa upepo mwingi, nguvu niipunguze mwenyewe. Na tangi liwe kubwa."

Miaka yote marehemu akinishikisha mpira wa upepo huku akinieleza. Shemeji hakujua kama nilikuwa nasikiliza. Nikaondoka na moja nzito, mbaya kwa sura, ya magurudumu.

Nikafungua mstari mmoja mmoja wa mabomba. Mwanzo ulitoka mlio tu, kisha vinyunyizio vikakohoa: tope, chumvi, sisimizi wafu. Nilitamani kuifungulia nguvu zote, kama kwamba shemeji ndiye aliyekwama mle ndani. Nikajizuia. Nikapuliza kidogo, nikaipumzisha mashine, nikaanza tena, mpaka kila tundu likapumua.

Nikapanda majani mapya. Siku ya Iddi nikamwalika shemeji, nikatandika mikeka juu ya majani. Alikula kidogo sana.

Joto lilipokaribia tena alikuja na mkewe.

"Shemeji, niazime kompresa, siku moja tu. Mabomba yangu yameanza kuziba."

"Ya marehemu iko wapi?"

Akatazama chini. Mkewe ndiye aliyejibu: "Hakuwa akiyamwaga maji yanayojikusanya ndani ya tangi. Limeoza kwa kutu."

"Basi poleni."

"Sisi ndugu," akasema.

"Ndugu yako ni yule uliyembebea chake kaburi halijakauka. Hii nimenunua mimi, na haitoki hapa."

Mama aliposikia alinigombeza. "Msamehe, mwanangu. Mtu wa nyumba moja huyo."

"Ntamsamehe, mama. Majani yake yakishakufa."

Yakafa. Akafukia uwanja wote kwa vigae vya saruji, na habari ya kutaka kununua nyumba yangu sikuisikia tena. Siku moja nikapita kwake kwa gari, nikashusha kioo, nikavitazama vile vigae mpaka nikatosheka. Kisha nikenda zangu sokoni kununua samaki.