Njia ya Msituni na Mektrida wa Uru

Mektrida alizaliwa Uru, juu ya mji wa Moshi, akaolewa huko huko Uru, na watoto wake wote akawazaa chini ya mlima. Lakini mpaka nywele zake zinaanza kuingia mvi hakuwa amewahi kuuvuka msitu. Wanawake wa kijijini kwao waliingia nusu maili kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, kisha wakageuka. Kutoka hapo miti ilisongamana na mwanga ukapungua, na kilichokuwa mbele kilikuwa cha hifadhi, cha wageni, na cha wanaume waliowabebea wageni mizigo.

Huko mbele yeye alifika usingizini tu. Ndoto yenyewe ilimjia alfajiri, ile saa mtu anaposikia mvua kwenye migomba na hajui kama anaisikia au anaiota. Alijiona anapanda njia laini, peku, bila kuchoka, huku mwanga ukizidi kuwa mweupe. Kila alipokaribia kutokeza nje ya msitu, ng'ombe alilia bandani, na Mektrida akaamka akiwa na baridi miguuni kana kwamba kweli alikuwa amekanyaga umande.

Mumewe, Primus, alikuwa mpagazi. Alishuka mlimani amekonda, nguo zinanuka moshi, na Mektrida akamchemshia maji, akatia chumvi, akamkanda miguu.

"Kukoje kule juu?" alimuuliza.

"Baridi."

"Na zaidi ya baridi?"

"Ni njia tu, Mama Tito."

Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na jibu lilikuwa hilo hilo miaka nenda miaka rudi. Mektrida alijiambia kwamba huenda wanaume wanaopanda wana mambo yao ambayo hayashuki. Hakuuliza zaidi. Aliendelea kuota.

Masika moja Primus aliteleza kwenye mzizi, mzigo ukamwangukia, goti likavunjika. Hospitali waliliunga, likapona, ila halikukunjika tena sawasawa. Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, uso kauelekeza mlimani, hata siku ambazo mlima wote umefunikwa na wingu. Alijibu akisalimiwa. Zaidi ya hapo hakuwa na neno. Ilikuwa miaka ile ya tisini ambayo bei ya kahawa ilishuka hadi majirani wakaanza kung'oa mibuni iliyopandwa na babu zao na kuweka nyanya, na mlio wa mashoka ulisikika katika kihamba, shamba la ukoo, la huyu na la yule. Primus aliusikia, macho yake yakabaki mlimani.

Jumapili moja baada ya misa likasomwa tangazo. Njia ya zamani ya kupanda kupitia msituni ilikuwa imeharibiwa na mvua, hifadhi ilitaka watu wa kuitengeneza, na safari hii hata akina mama walikaribishwa. Jirani yao Dominika, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, alimshika Mektrida mkono pale pale nje ya kanisa.

"Mimi naenda. Na wewe unaenda."

Mektrida alimweleza mumewe jioni, akiwa anamenya ndizi za supu ya mtori ili asilazimike kumtazama. Primus aliinuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na koti lake zito la mlimani.

"Mikono ni mirefu," alisema. "Utakunja."

Mnyapara wao alikuwa Efraimu, mtu wa Machame, mwembamba na mpole, aliyetembea mikono nyuma kama anayesikiliza kitu ardhini. Aliwaonyesha jinsi maji yalivyokuwa yameigeuza njia kuwa korongo. Wakachimba mifereji ya pembeni kwa majembe na sururu, wakalaza magogo yawe ngazi, wakashindilia udongo nyuma yake. Kazi ilikuwa ngumu, lakini Mektrida alikuwa amechimba mifongo, mifereji ya kumwagilia kihamba, tangu utotoni, na mikono yake iliielewa upesi.

Asichokielewa kilikuwa msitu wenyewe. Miti ilikuwa mikubwa hata watu watatu wasingeikumbatia, na kila tawi lilikuwa na ndevu za kijani zinazodondosha maji hata jua likiwaka. Ukimya ulikuwa na sauti ndani yake. Mbega waliruka juu, mikia yao myeupe ikapita kama mashuka yanayoanuliwa na mtu asiyeonekana. Pembeni mwa njia kulikuwa na maua madogo mekundu yenye mkia wa njano, yamechutama kwenye giza kama makaa. Mektrida aliinama akayatazama mpaka Dominika akamuuliza kama kuna kitu amedondosha.

Jioni alipofika nyumbani, Primus alikuwa amekwisha kuwasha moto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aumie.

"Mmefika wapi?"

"Kwenye mti ule mkubwa wenye tundu. Unaujua?"

"Naujua. Pana mizizi mibaya." Akachochea moto. "Hivi, ukisimama pale ukageuka nyuma, unaona nini?"

Mektrida alidhani anamtania. "Baba Tito, wewe umepita pale miaka yote hiyo."

"Nilipita na mzigo," Primus alisema. "Mtu mwenye mzigo kichwani anaona visigino vya aliye mbele yake. Ukiniuliza visigino vya wenzangu, nakutajia kimoja kimoja. Mti huo mimi naujua mizizi. Juu yake sijui kuna nini."

Basi kumbe hapakuwa na siri. Mektrida alikaa na sufuria mapajani, na miaka yote ya "ni njia tu" ikapita mbele yake ikiwa na sura nyingine. Kisha alianza kumsimulia: kwamba ukigeuka nyuma pale unaona mwanya kati ya matawi, na ndani ya mwanya, mbali sana chini, mabati ya Moshi mjini yanametameta kama maji. Primus alifumba macho.

"Endelea," alisema.

Kuanzia hapo kazi ilifanyika mara mbili, mchana kwa jembe na jioni kwa maneno. Ngazi zilivyozidi kupanda, Primus naye alipanda. Alijua mahali pa kuteleza na mahali pa kupumzika. Mektrida akamjazia kilichokuwa pembeni na juu: ndege wenye mbawa nyekundu ambazo huzioni mpaka waruke, kijito kinachopita chini ya mizizi na kuzungumza kama wazee waliokaa kwenye pombe ya mbege. Primus aliuliza maswali ya ajabu. Je, majani ya mti fulani yana harufu? Ukungu unatoka juu au unatoka chini? Mektrida akaamka kesho yake ana hamu ya kwenda kuyatafutia majibu.

Mwishowe njia ikafika mbali kiasi kwamba hawakuweza kurudi nyumbani kila jioni. Wakalala kwenye mahema, na siku iliyofuata, wakikata vichaka, Mektrida akaona miti inafupika. Majani yakawa madogo kama sindano. Kisha pakawa hakuna mti mbele yake, na palikuwa peupe pote. Alisimama. Aliujua weupe ule: ulikuwa wa ndotoni.

Lakini ulikuwa ukungu tu. Aliona mikono yake, panga, na mawe machache, basi. Alicheka kidogo peke yake, akaendelea kufyeka, koti limelowa mabegani.

Saa za mchana upepo ukageuka. Ukungu ulipasuka upande mmoja, ukajikunja, ukashuka chini ya miguu yao kimya kimya, na mahali pote pakafunguka: maua makavu meupe mteremko mzima, mimea mirefu iliyovaa majani makavu kama migomba iliyozeeka imesimama, na juu ya yote barafu, karibu kuliko alivyowahi kuiona, na bado mbali. Chini hapakuwa na Uru wala Moshi. Palikuwa na mawingu tambarare, meupe, kama hakuna mtu aliyewahi kuishi huko.

Dominika alikuja akasimama kando yake, na safari hii hakucheka.

"Mama Tito, unalia?"

"Sijui," Mektrida alisema. "Nashika sura ya mahali, nikamsimulie Baba Tito."

Aliporudi nyumbani alisimulia mpaka mtori ukapoa. Alisimulia kwanza ukungu, kwa sababu aliona ni haki ukungu uanze. Alipomaliza, mumewe alisema, "Asante," neno ambalo wanandoa wa umri wao hawalitumii sana.

Mektrida alifanya kazi ile miaka mingi, maana mvua hairidhiki na njia hubomoka kila masika. Ile ndoto haikumjia tena, naye hakuisikitikia.

Mwaka wa elfu mbili na moja, kiangazi, Efraimu aliwaombea ruhusa langoni, na Primus akaingia msituni na fimbo, mkewe nyuma yake. Walikwenda polepole mno. Alisimama kila kona, akainua uso, akagusa magome ya miti. Hawakufika kwenye maua makavu, na wala hawakukaribia. Mbele kidogo ya kijito goti lilikataa. Wakaketi kwenye gogo, wakala ndizi za kuchoma.

"Tukae kidogo," Primus alisema.

Wakakaa. Ukungu ulianza kupita kati ya miti, na Mektrida alitaka kumwonyesha unakotoka, lakini mumewe alikuwa amemlalia begani na kusinzia, kinywa wazi kidogo, uso umelainika. Hakumwamsha. Alimfunika kwa khanga yake, akatulia, akasikiliza matone yakidondoka jani kwa jani mpaka jua lilipokaribia kuegemea magharibi.