Kopo la Mpemba

Ili kuuona unga ule uking'aa, kwanza ilibidi niwe kipofu. Saa sita mchana, bati likipasuka kwa jua, baba alinifungia peke yangu ndani ya stoo ya maabara ya shule, dirisha limezibwa kwa blanketi, nami nikahesabu hadi mia sita ili macho yasahau mwanga wa nje. Nilichukia kuhesabu kule. Nikifika mia tatu nilianza kusikia pumzi nyingine karibu na sikio langu, na baba, akiwa nje ya mlango, alisema ni yangu mwenyewe inagonga ukuta na kurudi. Nilipomaliza, alianika kijiko cha unga juani kwa dakika moja, akakisukuma chini ya mlango. Hapo nilihesabu tena, mpaka unga uzime.

Ilikuwa vita, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mafuta ya taa yote yalikwenda kwenye kambi ya jeshi, na aliyewasha taa uani alitembelewa na askari. Baba, mwalimu wa kemia, alitaka kutengeneza kibao cha kuwekwa katika wodi ya wazazi, kibao kinywe jua mchana kutwa ili usiku mkunga aone angalau mkasi wake uko wapi. Alisaga kombe za chaza walizotuletea ndugu kutoka ziwa Kisale, akazichanganya na kiberiti cha manjano na makaa, akazichoma ndani ya chungu kilichozibwa kwa udongo. Kilichotoka kilikuwa unga mweupe tu, unaonuka mayai viza ukipata unyevu. Gizani ulitoa mwanga hafifu wa buluu, nikihesabu arobaini umekufa.

Kinachowasha unga ule ni chembe ya shaba. Na baba, kama kila mtu wa Katanga, hakukubali kwamba shaba inaweza kuzidi. Kila wiki aliongeza, na kila wiki mwanga ulififia. Siku moja nilichoka naye. Nilichukua tone moja la maji yake ya shaba, nikalitia kwenye chupa nzima ya maji safi, na kutoka chupa hiyo nikachukua tone moja tu, nikalichanganya na unga kabla haujachomwa, pamoja na chumvi kidogo ya jikoni. Kijiko kile kilipoingia chini ya mlango niliona kucha zangu, nikaona na nyufa za sakafu. Nilihesabu hadi elfu mbili, mwanga upo. Sikungoja uzime, nilitoka mle nikicheka, na baba, ambaye hakuwa na desturi ya kusifu mtu, alinishika kichwa kwa mikono miwili.

Unga ule ulitaka mahali pakavu, na nyumbani kopo lililofungika vizuri lilikuwa moja tu: la maziwa ya unga, lililofichwa nyuma ya sufuria. Lilikuwa la nkambo, mama yake baba. Ndani alihifadhi mpemba, chokaa nyeupe ambayo Waluba hupakwa wanapobarikiwa. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Baba hakutaka mpemba nyumbani mwake, kwa hiyo sote tulijifanya nkambo hana kopo na sisi hatujaliona. Niliifunga mpemba katika karatasi, nikamimina unga wetu. Nilikusudia kumwambia. Lakini ningeanzaje kuzungumzia kopo ambalo halipo?

Siku tatu baadaye habari zilifika kwamba vijana wa mtaa wetu watakusanywa wapelekwe vitani. Yaya, kaka yangu mkubwa, aliamua kuondoka jioni ileile. Giza likianza tu angezunguka nyuma ya kizuizi cha askari, kisha afuate reli kuelekea kusini. Tegemeo lake lote lilikuwa kutoonekana. Mimi niliwekwa barabarani nichunge. Baba aliingia chumbani na Biblia yake ili asione, na nkambo akamsimamisha yaya mlangoni, kifua wazi, jua la jioni likimpiga usoni. Macho ya nkambo yalikuwa na ukungu. Alimpaka paji la uso, kifua na mikono yote miwili.

Yaya alinipita barabarani, kifua bado wazi na kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, akijikunakuna.

"Ile mpemba ya nkambo inanuka mubaya," alisema.

Nilimcheka. Nilidhani ni chokaa ya zamani.

Tulikula kwa mwanga wa mshumaa. Baba alipozima mshumaa, vidole vitano vya buluu vilibaki mezani, peke yavyo, bila mkono. Nilijua papo hapo. Nilimsikia baba akivuta pumzi, naye alijua.

Nkambo aliviinua vidole mpaka karibu na macho yake, akavizungusha taratibu.

"Muone," alisema. "Bankambo banaitika. Mutoto atapita."

Kwake mababu walikuwa wamejibu, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia katika sauti yake. Bado anaongea, risasi zililia upande wa kizuizi, nyingi, kisha zikakoma. Baba alisimama ameshika komeo la mlango na hakufungua, kwa sababu ya askari. Mimi nilihesabu. Sikuweza kuacha.

Asubuhi mke wa askari mmoja, aliyetuuzia mikate, alikuja bila mikate. Alisema wanaume wa kizuizini waliona mikono miwili na kifua vinatembea, kichwa hakuna. Walipiga ovyo, kisha wakakimbia na kuacha bunduki. Kulipokucha hawakukuta maiti wala damu.

Baba alimwaga unga mtoni na hakuchoma kombe tena. Nkambo tulimwacha na furaha yake, akafa nayo. Barua ya yaya ilifika baada ya miaka minne, kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa hai. Alijitazama, akaona anang'aa, akakosa pa kujificha, basi akapita katikati ya kizuizi akitembea wima. Sasa hulala taa ikiwaka, maana ikizimwa anajiona.

Nilimjibu nikakiri yote, kopo, tone, chumvi. Nilimweleza kwamba unga ule haukai hata saa mbili, kwamba ulikwisha kabla hajafika mbali. Mimi ndiye niliyeupima, ninajua.

Aliandika mara moja tu tena. Aliniuliza kama nina hakika nilihesabu mpaka mwisho.